Usinisomee Majina

"Mama! Nani amekifunika hiki?"

Huwaida alikuwa amesimama mbele ya kidaka cha ukutani, mkono mmoja umeshika leso. Mkono wa pili aliuweka ubavuni mwa boksi jeusi, akaurudisha upesi. Boksi lilikuwa la moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Nimekifunika mimi," alijibu Bi Shifaa kutoka jikoni. "Kwani kuna nini?"

"Mama, hii ni mashine! Inataka hewa!"

"Mashine, naam. Na ndani wamo wana wa watu, zitwa wazi, nywele nje, mikono wazi. Nimewasitiri."

Usicheke, msomaji. Bi Shifaa alikuwa na hoja yake. Bintiye Huwaida ndiye anayepiga video za harusi za wanawake hapa Mkomani. Siku ya kupamba bibi harusi, simu zote huachwa mlangoni, mwanamume hasikiki hata kikohozi chake, na kamera inayoingia ni ya Huwaida peke yake. Video hizo haziendi mtandaoni hata kwa dawa. Hukaa nyumbani kwake, kwenye boksi hilo lenye diski mbili, kila harusi imeandikwa kwenye diski zote mbili ili moja ikifa ibaki nyingine.

Na moja ilikuwa imekufa. Mpya ilifika asubuhi hiyo kwa ndege, ikavushwa kwa boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda, Huwaida akaichomeka. Sasa boksi lilikuwa linanakili harusi zote kutoka diski ya zamani kwenda kwenye mpya. Kazi nzito, mchana wa joto la Kaskazi, chini ya leso. Kwenye kompyuta yake herufi nyekundu zilisema joto limefika sitini na tatu. Ikifa na hii ya zamani kabla ya kumaliza, hakuna harusi hata moja itakayobaki, na amana za watu zote zimepotea mikononi mwake.

Akachukua simu, akaandika:

"Bakr, boksi linaungua. Nimelifungulia hewa lakini feni inazunguka polepole na joto halishuki. Nizime?"

Bakr ni kijana wa Faza, ng'ambo ya bahari, fundi wa kompyuta kwenye ofisi moja huko huko. Ndiye aliyemuundia Huwaida boksi hilo, ndiye anayempenda, na ndiye ambaye posa yake imekaa kwa Bi Shifaa miezi mitatu bila jawabu. Si kwamba Bi Shifaa ana ubaya naye. Lakini wanawake wa mtaa walikuwa wameanza kuulizana ni nani aliyeunda boksi la Huwaida, na kama aliyeliunda hawezi kulifungua.

"Mwanamume mwenye ufunguo wa wana wa watu," alimwambia binti yake, "simpi na wangu."

Jibu la Bakr likaingia:

"Usizime! Likikatika katikati ya kunakili tunaweza kupoteza kila kitu. Feni niliibana mimi, iende spidi ndogo. Inarekebishika."

"Unaweza kuja?"

"Boti ya leo imeshaondoka."

"Basi ingia kutoka huko huko. Nakutumia neno la siri."

Alikuwa ameshaanza kuliandika, simu ikaita.

"Usinitumie!"

"Bakr, hakuna wakati wa..."

"Wakati upo. Neno hilo usinipe, Huwaida. Siku nikiulizwa kama nalijua, nataka niseme silijui, na iwe kweli. Mama yuko?"

"Yuko jikoni."

"Mwite. Weka simu kwa sauti, asikie kila kitu."

Hapo ndipo mimi nilipompenda kijana huyu, na wala hakuna aliyeniomba.

Bi Shifaa akaja, mikono ina unga.

"Assalamu alaikum, Bi Shifaa."

"Wa alaikumu salam." Sauti kavu.

"Bi Shifaa, nakuomba msaada. Kipepeo kipo karibu?"

"Cha ukindu kipo. Wakitakia nini?"

"Lipepee boksi, upande wa nyuma, mpaka Huwaida amalize kazi."

Bi Shifaa akaitazama simu, akalitazama boksi. Akachukua kipepeo, akaanza kupepea kwa nguvu za mtu aliyezoea mkaa.

"Sasa Huwaida, fungua lile dirisha jeusi la amri. Andika neno lako. Usilitamke."

"Nimeingia. Naona mafolda. Kuna harusi ya Hayat, kuna ya..."

"Usinisomee majina!"

Huwaida akaikatiza orodha. Kipepeo nacho kikasimama.

"Majina pia ni ya wenyewe," Bakr alisema taratibu. "Mimi nisomee namba tu. Bi Shifaa, tafadhali, usiache kupepea."

Kipepeo kikaanza tena, lakini sasa Bi Shifaa alikuwa ameinama karibu na simu, anasikiliza.

Bakr akataja amri, herufi baada ya herufi. Huwaida akaandika, mashine ikakataa. Akaandika tena, ikakataa tena.

"Siwezi, Bakr. Nitaharibu kazi ya watu."

"Unaweza. Wewe hubeba kamera begani mpaka wageni waondoke na mkono hautikisiki. Hizi ni herufi tu. Anza upya, pole pole."

Akaanza upya. Safari hii ikakubali.

"Faili imefunguka! Naona namba tatu."

"Hizo ndizo spidi za feni. Ya kwanza ni boksi likiwa baridi, ya pili likiwa vuguvugu, ya tatu likiwa moto. Ya tatu ni ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Mwisho wa feni hiyo ni mia mbili hamsini na tano. Niliishikilia chini kwa sababu uliniambia Mama hapati usingizi kwa mvumo wake."

Bi Shifaa akainua uso.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako, Bi Shifaa. Lakini sikuifikiria Kaskazi. Kosa ni langu."

"Na mimi nalikifunika na leso," Bi Shifaa akasema kwa sauti ndogo.

"Leso imeshaondoka, hilo limekwisha. Imebaki feni. Huwaida, futa hiyo namba ya tatu, andika mia mbili hamsini na tano, uhifadhi. Kisha uanzishe upya programu ya feni. Programu tu, boksi usiliguse."

Huwaida akasoma amri mara mbili kwa macho, akabonyeza.

Feni ikavuma ghafla, chumba kizima kikasikia.

"Bismillahi!" Bi Shifaa akaruka nyuma.

"Nimeisikia mpaka Faza," Bakr akacheka. "Nisomee joto."

"Sitini na mbili. Subiri kwanza... Sitini. Bakr, linashuka! Hamsini na saba!"

"Alhamdulillahi. Na kunakili?"

"Kunaendelea."

Huwaida akakaa sakafuni, akalia kwa furaha bila kujificha.

"Nimefanya mimi," akasema.

"Umefanya wewe. Mimi sijagusa chochote."

Bi Shifaa akakiweka kipepeo, akafuta mikono, akaichukua simu kutoka kwa bintiye.

"Bakr."

"Labeka."

"Siku ile uliyokuya kukiunga kitu hiki. Huwaida alipoandika hilo neno lake, wewe ulikuwa wapi?"

"Niligeukia ukuta, Bi Shifaa. Nisije nikaona vidole vyake vinapopita."

Bi Shifaa akavuta pumzi ndefu.

"Nalikuona," akasema. "Nami nikasema mwana huyu hana adabu, aketi kwa watu na atupa mgongo. Naliweka moyoni miezi yote hii."

Akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Bi Shifaa, usiniombe msamaha mimi..."

"Niwate niseme. Mwambie babako na aye Ijumaa baada ya sala. Jawabu la posa liko tayari, na ni la kheri."

Upande wa Faza hapakusikika kitu.

"Bakr? Imekatika?"

"La, haijakatika. Nimekaa chini tu."

Huwaida akainuka, macho bado yana machozi, akasogea kwenye simu.

"Na mimi je? Mbona hakuna aliyeniuliza?"

"Huwaida." Sauti ya Bakr ilikuwa imebadilika kabisa. "Nakupenda. Utakubali niwe mumeo?"

"Mama anasikia, Bakr."

"Na asikie."

"Nimekubali. Nilikubali zamani, nilikuwa namngoja yeye."

Bi Shifaa akapiga kigelegele kilichoishinda feni. Dirisha la nyumba ya pili likafunguka, na Bi Umulkheir, kinara wa wale waliokuwa wakiuliza habari za boksi, akatoa kichwa.

"Shifaa! Kuna nini huko?"

"Nimepata mkwe!" Bi Shifaa akamjibu, machozi yanamtiririka. "Ndoo upige kigelegele na wewe, Umulkheir, peke yangu sitoshi!"