Msimulizi wa Mwalimu Anastazia

Saa kumi alasiri, jua la Mabwerebwere likimchoma kisogo, Mwalimu Anastazia alikuwa akitafuta ufunguo mkobani aliposikia mtu ndani ya nyumba yake akisema, "Hadithi, hadithi!" Naye, mwenye miaka ishirini na sita ya kufundisha Kiswahili, akaitikia bila kufikiri, "Hadithi njoo!" Halafu akakumbuka kwamba anaishi peke yake.

Akajiambia ni watoto wa jirani wamejibanza dirishani. Akafungua mlango. Sebule ilikuwa vile vile alivyoiacha: kochi, rundo la madaftari ya kusahihisha, picha ya marehemu mumewe, Samweli. Ila palikuwa na harufu ya chaki iliyolowa maji, na nyumbani kwake hakuna chaki. Akafungua madirisha, akaenda jikoni kubandika chai.

"Mwalimu akabandika chai," sauti ikasema kutoka chumba cha nyuma, taratibu, sauti isiyo ya kiume wala ya kike. "Akatoa vikombe viwili, akakumbuka, akarudisha kimoja."

Na kweli alikuwa amerudisha kimoja.

Sasa ngoja niseme jambo hili lilianzaje, maana mwalimu mwenyewe alilijua papo hapo. Asubuhi ile alikuwa kidato cha tatu akifundisha usimulizi. Alieleza habari za msimulizi anayejua yote, yule anayemwona mhusika hata akiwa peke yake chumbani, na anayejua hata alichowaza. Binti mmoja mtundu, Happiness, akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, huyo msimulizi yeye anakaa wapi wakati anaona yote hayo?" Mwalimu Anastazia, ambaye mdomo wake haujawahi kushindwa, akajibu, "Anakaa kwangu. Mwanangu Donati ameoa huko Mwanza, chumba chake kitupu, nimempa." Darasa zima likacheka. Jamani, walimu wa fasihi! Chumba kitupu si kitu cha kutangaza hovyo.

Siku ya kwanza alisali rozari hadi ulimi ukakauka. Siku ya pili sauti ikaja tena saa ile ile, ikasema "Hadithi, hadithi," naye akaitikia kwa woga, kama mtu anavyoitikia salamu ya mkubwa. Ya tatu hali kadhalika. Kufikia wiki ya pili alikuwa anatembea haraka kutoka shuleni ili asichelewe. Usimcheke. Kama hujawahi kurudi kwenye nyumba ambayo hakuna wa kukuuliza umeshindaje, nyamaza tu.

Na ualimu, bwana, haumtoki mtu. Akaanza kumsahihisha jini.

"Umesema nilikuwa mpweke," alimwambia siku moja, akimenya vitunguu. "Hapo unaniambia tu. Usiniambie. Nionyeshe."

Kesho yake, mwalimu akikata mchicha, sauti ikasema, "Mwalimu alipika wali wa watu wawili. Akala wa mmoja, na uliobaki akawamwagia kuku wa jirani kabla jirani hajatoka nje." Mwalimu Anastazia akaweka kisu chini, akalia. Tangu Samweli afariki, hakuna aliyewahi kumtazama kwa makini kiasi kile.

Akazidi kunogewa. Akamweleza habari za mhusika bapa, asiyebadilika toka mwanzo hadi mwisho, na mhusika duara, mwenye mema na mabaya yake. Sauti ikajifunza upesi kuliko kidato cha tatu. Hapo ndipo mwalimu alipokosea, na hili kosa asingelifanya mtu mwingine yeyote Kilosa nzima.

"Unasimulia vizuri," alisema, "lakini hadithi yako haisogei. Mhusika mmoja, siku zote ndani ya nyumba moja! Pasipo mgogoro hakuna hadithi. Na mgogoro lazima upande mpaka kileleni."

Harufu ya chaki ikazidi mpaka ikamwasha kooni.

"Mwalimu anataka mgogoro," sauti ikasema polepole. "Basi. Kesho yake mama wa maziwa alijikwaa kizingitini kwa mwalimu, na mkono wake wa kulia ukavunjika."

Mama wa maziwa ni Nailantei, mama Ntutu, mke wa Lekishon, wafugaji wa ng'ambo ya mto. Ndiye mtu pekee aliyebisha hodi kwenye ule mlango kila asubuhi. Mwalimu alimfundisha kusoma pale pale barazani, herufi kwa herufi, na Nailantei alikuwa akimletea lita moja na kipimo cha ziada cha urafiki. Siku nyingine walikaa tu wakinywa chai, mmoja akisema habari za ng'ombe, mwingine za wanafunzi. Mwalimu hakuwa na rafiki mwingine.

Asubuhi Nailantei akaja. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama Ntutu. Subiri hapo hapo, usi—"

Nailantei alikuwa ameshainua mguu. Kizingiti kilikuwa kikavu, kimefagiliwa, hakuna hata punje ya mchanga, na bado alianguka kama aliyesukumwa mgongoni, na mwalimu akausikia mfupa.

Alipotoka kumpeleka hospitali, alasiri, sauti ilikuwa inamsubiri. Safari hii haikungoja aitikie. "Mgogoro ukapanda," ilisema, na ilikuwa na furaha ya mwanafunzi aliyepata alama zote. "Sasa kilele. Mama wa maziwa atakuja mara ya mwisho, na atakapoingia ndani..." Mwalimu Anastazia hakusikia zaidi, kwa sababu alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili na anakimbia, bila viatu, bila mkoba, mlango ameuacha wazi, akipita katikati ya watu waliomjua miaka yote na ambao siku ile hawakumtambua, mpaka alipopata pikipiki na kumwambia kijana ampeleke Chanzuru, kwa Mzee Yassin, mganga anayejua habari za majini.

Mzee Yassin alikuwa anapepeta ufuta. Alimsikiliza bila kuacha kupepeta.

"Shikamoo mzee, nisaidie," mwalimu alikuwa ameanza, kisha akaeleza yote hadi mwisho.

"Marahaba, mwanangu. Umemwitikia mara ngapi?"

"Sikumbuki. Kila siku."

"Na mchana!" Mzee akaweka ungo chini kwa hasira. "Bibi zetu walikataza hadithi za mchana, nyie mkaona ushamba. Wenye masikio ya mchana si watu peke yao." Akavuta pumzi. "Huyu hana njaa ya damu wala ya nyama. Ana njaa ya kuitikiwa. Ukimwitikia anasimulia, akisimulia inakuwa. Siku arobaini, akikuita, usitoe neno. Na usimweleze mtu yeyote. Ukimsimulia mtu, umemkaribisha jini huyu kwake."

"Na rafiki yangu?"

"Asikanyage kwako. Hadithi iliyokatwa katikati haifi, mwanangu. Inasubiri."

Kwa hiyo Nailantei alipokuja, mkono umefungwa shingoni, mwalimu alitoka kumkuta barabarani, asimruhusu kusogea. "Maziwa sitaki tena. Usije kwangu."

"Nimekukosea nini, mwalimu?"

"Nenda tu, mama Ntutu. Nenda!"

Nailantei alisimama kidogo. Alikuwa amekuja na daftari lake, amelibana kwapani. Akageuka akaenda, na mwalimu akaingia ndani akauma khanga yake ili asimwite.

Siku zikaanza kuhesabika. Kila alasiri sauti iliita, naye akafunga mdomo. Iliita kwa hasira, vyombo vikatetemeka kabatini. Iliita kwa sauti ya Samweli, na hiyo ndiyo ilikaribia kumshinda. Ikaita kama mtoto aliyefungiwa nje. Wiki ya nne ikawa mnong'ono. Halafu siku moja ikafika saa kumi, ikapita, na hakuna aliyeita.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mwalimu alisikia shuleni kwamba kina Lekishon wamehamisha ng'ombe kufuata malisho, wako huko upande wa Mikumi. Akaenda mwenyewe ng'ambo ya mto, akakuta zizi tupu na majivu. Alimpigia Donati, Donati akasema yuko kazini, mama, nitakupigia, na hakupiga. Nyumba ilinyamaza, na mwalimu akala, akalala, akaamka, akaugua homa siku mbili na kupona, na yote hayo hayakuonwa na yeyote wala hayatakumbukwa na yeyote, na akaanza kujiuliza, saa hizo za alasiri zisizoisha, kama kitu kisichosimuliwa na mtu hata mmoja kinaweza kusemwa kweli kimetokea.

Zilibaki siku chache. Nailantei yuko mbali, akawaza, yuko salama. Nani wa kuumia? Mimi tu. Akakaa kwenye kochi akitazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Hadithi njoo," akasema, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Harufu ya chaki ikaja kwanza. "Palikuwa na mwalimu," sauti ikasema, kwa upole, na machozi yakamtoka kwa jinsi alivyoikosa. "Palikuwa na mwalimu aliyedhani rafiki yake yuko mbali. Kumbe rafiki yake alipanda basi Mikumi asubuhi, mkono mmoja bado umefungwa, mwingine umebeba dumu la maziwa, kwa kuwa alitaka kuuliza kosa lake."

"Nyamaza," mwalimu akanong'ona. "Sijakuitikia. Nimefuta. Nyamaza!"

"Nailantei akafika mlangoni. Akabisha hodi."

Mlango ukagongwa. "Hodi, mwalimu! Ni mimi. Nimekuletea maziwa."

Mwalimu Anastazia akasimama, akafungua mdomo ili apige kelele, amwambie akimbie, arudi alikotoka, asitazame nyuma.

"Mwalimu akasema, karibu," sauti ikasema.

"Karibu, mama Ntutu," akasema mwalimu. "Karibu ndani."