Mbuzi wa Pili wa Symphorien

"Mama Rolly, nimeona bwana yako pale banapandia taxi ya Kapolowe. Iko na mbuzi na kikwembe mupya. Anasema anaenda kuoa."

Ujumbe ulitoka kwa Hortense, jirani yao wa Shituru, mjini Likasi, mwanamke ambaye habari hailali kwake. Gertrude aliusoma akaacha bukari, ugali wa mchana, motoni. Kuoa? Mwanaume aliyepasuliwa moyo juzi juzi, hata ngazi zinamshinda, ana nguvu ya kuoa?

Tangu operesheni, Symphorien alikuwa anasahau. Anatia sukari kwenye chai, anatia tena. Jina la mtoto wao, Rolly, mara nyingine linampotea mdomoni. Daktari alishasema wagonjwa wengine wakipasuliwa moyo akili hupungua, na kwa wengi hurudi polepole. Hayo Gertrude aliyacheka pamoja naye. Aliogopa kitu kimoja tu, siku mume wake atakapomwangalia asimjue. Sasa akaona siku imefika, na imekuja na mke mwenza.

Akapiga simu.

— Papa Rolly, unaenda kuoa nani?

— Mama, hii ni mambo ya banaume. Utajua.

Ikakatwa. Utajua! Gertrude alipanda taxi iliyofuata, maneno yote ameshayapanga. Kapolowe ni kwao, na kaka yake mkubwa Évariste anaishi huko. Alitaka ampitie kwanza, waende pamoja kumtoa huyo mwanamke nje.

Hakuhitaji kwenda mbali zaidi. Uani kwa Évariste alimkuta Symphorien amepiga magoti mkekani, suti ya harusi inamning'inia, mbuzi anatafuna kona ya kikwembe, kile kitenge kipya. Évariste alikuwa kitini, kavaa tai, anajizuia kucheka.

— Yaya, kaka yangu, huyu anafanya nini hapa?

— Anaposa.

— Anaposa nani?

— Weye.

Gertrude akaketi ukingoni mwa mkeka. Symphorien akaeleza, macho chini, kwamba asubuhi mwanamke huyu alimwogesha, akamfunga vifungo vya shati huku akiimba. Akajiuliza mahari yake aliilipa lini. Akatafuta kichwani, hakuna kitu. Akaona haya kuendelea kukaa na mtoto wa watu bure.

— Ulilipa zamani, shemeji. Mbuzi yako tulikula.

— Na yeye alikubali?

— Alikubali.

— Basi niko na chance, bahati ya kweli.

Gertrude alilia huku anacheka. Harusi kaisahau, mbuzi kamsahau, lakini yeye hajamsahau, na hilo lilimtosha kabisa.

Évariste akakohoa, akauliza kama desturi inavyotaka kabla mahari haijapokelewa.

— Gertrude, unamujua huyu muntu? Tukamate mbuzi yake?

— Mukamate, yaya. Ila ya kwanza mulikula weye na banaume benzako. Hii, miye naketi hapa mpaka iive.

Wakala, wakashiba. Kwenye taxi ya kurudi Likasi, Symphorien akamshika mkono.

— Mama Rolly, posa tunapeleka lini?

— Njo tunatoka huko sasa hivi.

— Balikubali?

— Miye njo nilikubali. Mara mbili.

Symphorien akacheka mpaka akashika mshono wa kifuani.