Tarehe Nne Mei

Yai la mwisho ndilo lililowakutanisha. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mtaani Osu, foleni ya chakula cha waakye imepinda mpaka mbele ya duka la simu, na jua lilishaanza kuuma shingo. Elinam Agbeko, gauni lake la kijani limemkaa kiunoni kama lilishonewa hapohapo, alikuwa anahesabu vichwa vilivyombakia mbele. Alipobakiza kimoja, mama muuzaji akachukua yai la mwisho akaliweka juu ya wali na kunde wa kijana aliyemtangulia.

"Kaka, yai lote hilo peke yako?"

Kijana akageuka. Shati lake lilikuwa na madoa ya rangi nyekundu, nyeusi na dhahabu, lakini tabasamu lake halikuwa na haraka.

"Nusu ni yako," akasema. "Ila nusu yangu nitaila nikiwa karibu na nusu yako."

"Una maneno wewe!"

"Nachora mabango ya misiba, dada. Maneno ndiyo kazi yangu."

Walikula wamesimama. Aliitwa Nii Okai, mtu wa Jamestown. Elinam naye akamweleza yeye ni nani.

"Ukifungua ukurasa kwenye simu ukaona tarehe, au namba ndefu yenye mikato yake, kuna mtu aliyeamua ikae vile. Mtu huyo ni mimi."

"Yaani unalipwa kuweka mikato?"

"Mkato ukikaa pasipo pake, elfu inageuka moja. Usicheke."

Nii alicheka, na kabla ya kuagana alikuwa ameshaomba namba yake. Tangu siku hiyo simu hazikukauka, wakitaniana kwa makabila yao.

"Mchawi wangu wa Kiewe, umeamkaje?"

"Mimi mchawi? Na wewe unayenuka kenkey mpaka kwenye simu?"

"Nimeota nakuchotea maji. Ulinitilia nini kwenye lile yai?"

"Nilikutilia akili. Naona haijafanya kazi bado."

Mwezi wa pili wa mapenzi yao Nii akampeleka kwa mama yake. Anti Korkor alikuwa mjane muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, mwenye mikono minene na ulimi mwepesi, na presha ya macho ilikuwa inamla. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. La kulia lilibaki na tundu la katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Alimvuta Elinam hadi akaingia kwenye tundu lile, akamkagua kipande kwa kipande: kidevu, midomo, macho.

"Mzuri," akasema. "Ila mwembamba. Nii, mlishe."

Tumaini lao lilikuwa madaktari wa kujitolea waliokuja mara moja kwa mwaka, wakapasua watu macho kwa juma moja, wakaondoka. Nii alimwandikisha mama kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, akapewa siku: tarehe nne Mei.

Siku ilipofika walikwenda watatu. Anti Korkor alivaa kaba, blauzi ya heshima, nyeupe, na kilemba kipya, kama anakwenda kanisani. Mlinzi wa kliniki aliwatazama kwa huruma.

"Madaktari wapi tena? Walianza Aprili tano. Mwezi sasa tangu waje."

"Haiwezekani," Nii akasema, akatoa simu. "Soma mwenyewe! Sifuri nne, mkwaju, sifuri tano. Tarehe nne, mwezi wa tano!"

Nesi akatoka na daftari. "Korkor Lartey. Tarehe tano, mwezi wa nne. Tuliliita jina lake mara tatu."

Elinam akaichukua ile simu mkononi mwa Nii. Kijisanduku cha tarehe, cha buluu, pembe zake za mviringo, tarakimu zilizobanana katikati. Alikijua kama fundi cherehani anavyojua mshono wake kwenye nguo ya mpita njia.

"Nii, simu hii uliipata wapi?"

"Mjomba kanitumia kutoka Marekani. Kwa nini?"

Kule Marekani mwezi hutangulia siku. Simu ilikuwa bado na desturi ya kwao, na kile kijisanduku kiliagizwa kuifuata simu popote. Aliyekiagiza alikuwa Elinam. Miaka miwili nyuma alikuwa ametaka mwezi uandikwe kwa herufi. Bosi akamwambia nafasi ni finyu, herufi zinavunja mstari, tarakimu zinatosha. Aliiona hatari. Akasema "haya", akaenda nyumbani. Wateja wangapi walikuja kukichukua kile kijisanduku wakakiweka kwenye kurasa zao, hakuwajua.

"Kwa nini?" Nii akauliza tena.

"Nimeuliza tu."

Mchana ule alirudi ofisini akarekebisha. Kazi ilimchukua dakika nne. Tangu saa ile, yeyote ambaye angefungua ukurasa ule angesoma "5 Aprili", na hakuna ambacho kingemrudishia Anti Korkor siku yake. Elinam akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, mikono mapajani, kama mgeni ambaye wenyeji wamemsahau.

Akaanza kumkwepa Nii. Wiki tatu.

"Elinam, kila siku kazi, kazi. Niambie ukweli."

"Kazi ni nyingi, mpenzi."

"Umeona mama anapofuka, ukaogopa mzigo wa kumwongoza mkwe chooni."

"Sivyo, Nii!"

"Basi vipi?"

Nii akakata simu.

Kesho yake Elinam alimfuata karakanani. Nii alikuwa anapaka rangi paji la uso la marehemu mmoja kwenye bango. Elinam alisema yote amesimama, bila kuomba kiti.

Nii akaweka brashi chini, taratibu.

"Mimi naandika mwezi kwa herufi," akasema. "Kila bango. Hapa mtu kashakufa, watu wakikosea siku yeye haumii, na bado naandika. Mei ni herufi tatu. Herufi tatu, Elinam!"

"Najua."

"Mama alikuwa nyumbani anafunga kenkey, kule wanamwita jina!"

"Najua, Nii."

"Usiniambie unajua!" Akaiokota brashi, akamgeuzia mgongo. "Nenda. Tafadhali, nenda nyumbani."

Nii alizunguka hospitali tatu na mama yake. Nafasi ya karibu ilikuwa Septemba. Baada ya hapo Anti Korkor mwenyewe akampigia Elinam simu. "Njoo kesho mchana, kabla samaki hawajapoa."

Elinam akaja, akapiga magoti.

"Nii amenieleza, nusu sikuielewa," mama akasema. "Kwamba kidude chako kilitanguliza mwezi. Umekitengeneza?"

"Nimekitengeneza, Mama."

"Na jicho langu?"

Elinam akatikisa kichwa, kisha akakumbuka haonekani. "Hapana, Mama."

Anti Korkor akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Inauma. Sitakudanganya. Daktari anasema hili tundu litafika Agosti, likijitahidi. Nina mtoto mmoja. Nataka nimwone akioa, sitaki nisimuliwe."

"Mama," Nii akasema kutoka mlangoni, "mimi bado sijamsamehe."

"Nani kakuuliza kusamehe? Unampenda?"

Nii alitazama vidole vyake vyenye rangi. "Nampenda. Ndiyo balaa lenyewe."

Akamtoa Elinam uani. "Sina pete, na hasira ninayo. Utanikubali hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Hakuna aliyetabasamu. Walishikana mikono kama watu wanaovuka mto.

Julai wazee wa Kiewe, upande wa Elinam, wakashuka kutoka mji wa Ho, upande wa Nii ukabisha hodi, posa ikapokelewa. Kwa siku ya ndoa Elinam alichagua kitambaa cha kente cha njano, rangi ambayo mama alisema ndiyo inayomkimbia polepole kuliko zote. Akapiga magoti mbele ya mama, karibu kiasi cha mkono, akijisogeza huku na huku kulitafuta lile tundu.

"Njano," Anti Korkor akasema. "Nimeiona."

Nii na Elinam wakatazamana. Juma zima wanawake walikuwa wakiijadili rangi ile jikoni, mama akiwa palepale.

"Nimeiona vizuri kabisa," mama akarudia, akitabasamu, uso ameuelekeza pembeni kidogo, penye ukuta.

"Ndiyo, Mama," wakasema wote wawili.