Pistoni Mezani

Jumatano, saa nne asubuhi, rafiki yangu, anayesoma chuo cha ufundi, alipeleka gari gereji. Injini ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, na kesho yake alitakiwa kumpeleka mama yake hospitali, akapasuliwe. Fundi waliyemwita Profesa, debe tupu lisiloacha kuvuma, hakuinua hata boneti.

“Dada, pistoni zimelika. Injini ikiwa baridi zinacheza ndani ya silinda, ikipata moto zinatanuka, kelele inakwisha. Chuoni hawafundishi hayo?”

“Wanafundisha. Hii inagonga hata ikiwa ya moto.”

“Wasomi! Masikio makubwa, akili kisoda.”

Hadi magharibi Profesa alikuwa amezichomoa pistoni zote na kuzipanga mezani, akiicheka mikwaruzo yake. Ghafla umeme ukakatika. Gizani, ndani ya injini iliyo tupu, kukagonga: ko, ko, ko.

Profesa aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza. Kisha akaitupa bisibisi, akatoka nje.

Asubuhi rafiki yangu alimpeleka mama yake hospitali kwa teksi. Muuguzi alipokisukuma kitanda hadi mlango wa chumba cha upasuaji, mlango uligongwa kwa ndani, ko, ko, ko. Rafiki yangu alikikamata kitanda kwa mikono miwili, akagoma kukiachia.