Mdogo Wangu Alipigwa kwa Huile Ambayo Hakuiba

"Mwizi! Ameuza huile yetu, na bibi yangu iko anakufa!"

Ndugu zangu, ndivyo mume wa mgonjwa alivyonipokea nilipoitwa kwenye jeep iliyokwama barabarani, karibu na Wamaza... Na aliyelala chini, damu ikimtoka puani, alikuwa Christophe, mdogo wangu wa tumbo moja!

Mimi ni fundi. Sikusomea, nilijifunza kwa kufungua injini na kuzifunga. Christophe anaendesha jeep ya zamani, inabeba wagonjwa kutoka Kabambare hadi Kasongo. Kwetu, familia ya mgonjwa ndiyo inaleta mazutu, yaani dizeli, na huile, mafuta ya kulainisha injini.

Injini ilikuwa imekamata, haizunguki tena. Nyuma ya jeep amelala Régina, mjamzito, uchungu umemshika tangu jana, hana nguvu hata ya kulia.

Nikampakia kwanza kwenye pikipiki iliyonileta, dada yake akimshika kwa nyuma.

"Endeni!"

Kisha nikamgeukia Heri, mume wake. Fimbo bado mkononi.

"Papa, muache aseme."

"Aseme nini? Nilileta bidon nzima! Angalia kipimo cha huile, kikavu!"

Kweli, kikavu.

"Christophe, uliuza?"

Akageuza uso.

"Sema, mutoto wa mama!"



Sikutaka kuhukumu. Nikaingia chini ya jeep. Tumbo lake lote limelowa huile. Bomba la moshi, jeusi na lenye utelezi. Nikaomba ile bidon tupu, dumu alilolileta. Imeandikwa 5W-30.

Hapo nikaelewa. Injini hii imelika ndani, vyuma vimeachana. Mimi huiwekea 20W-50, nzito, inayobaki kati ya vyuma hata ikipata moto. Hii nyepesi ilikuwa kama maji: nyingine imevuja, nyingine imeungua, chuma kikasaga chuma.

"Hakuna aliyeiba," nikasema. "Hii huile nani aliichagua?"

"Mimi! Muuzaji wa Salamabila alisema ndiyo ya jeep mpya, hakuna inayoipita. Huyu dereva alitaka ile nzito, nikamkatalia. Eti bibi yangu asafiri na huile ya gari kuukuu..."

Hakumaliza. Fimbo ikamponyoka.

Nikamvuta Christophe pembeni.

"Kumbe ulijua! Mbona ulikubali kupigwa?"

Akapangusa damu.

"Kaka, bibi yake iko anakufa. Nimwambie kosa ni lake?"

Jua lilikuwa bado juu pikipiki iliporudi. Dereva wa pikipiki amevua kofia. Régina hakufika Kasongo akiwa hai. Na mtoto tumboni, hivyo hivyo.

Heri alianguka mavumbini. Watu wote walisimama wakitazama... Aliyemwinua ni Christophe.

Wewe unayesoma, kama jeep yako imezeeka, usiinunulie huile kwa uzuri wa bidon. Uliza anayeijua injini hiyo, na akikwambia nzito, msikilize.

Na kabla ya kuinua fimbo, ingia kwanza chini ya gari, uangalie.