Kengele ya Akina Skelbeck

Mume wangu Edwin alilazwa hospitalini akitamani kujua jina la ukoo wao, Skelbeck, lilianzia wapi. Dada yake Winifred, rafiki yangu, akaenda mchana kwenye kanisa la bonde lao, huko Yorkshire, Uingereza, kunakili vitabu vya ubatizo.

"Wengine wa ukoo wenu walifuata viwanda vya pamba Lancashire," mtunza kanisa alimwambia. "Waliobaki nimewalaza hapo nje, mama. Hawanisumbui."

"Tumebaki wawili tu. Usituchimbie kaburi bado!"

Kengele ikalia juu yao. Kwetu msiba hutangazwa kwa milio tisa kwa mwanamume, sita kwa mwanamke, kisha mlio mmoja kwa kila mwaka wa umri. Ikalia tisa. Halafu sitini na mmoja, umri wa Edwin.

"Kamba yake tuliiondoa zamani," mzee akanong'ona.

Saa ile ile, Mungu amrehemu, nilikuwa namfumba Edwin macho.

Kengele ikanyamaza, kisha ikaanza tena: sita. Winifred akahesabu miaka hadi arobaini, akakimbia akiziba masikio.

Yeye ana hamsini na minane. Mtunza kanisa alibaki akahesabu hadi mwisho. Kila Winifred anapompigia simu kumuuliza iliishia ngapi, mzee huanza kumwombea.