Sikio la Kushoto

Mwanamke mgeni aliingia kwenye karakana ya Mwalimu Constantine mjini Bariadi saa nne na robo asubuhi, Ijumaa ya Juni 14, 2013. Alibeba taa iliyofungwa kwenye kanga, na hakuna aliyekuwa akimtarajia.

"Mwangaluka," alisalimu. "Naitwa Generoza, nina duka Lamadi, pale barabarani. Nimekuja kuongeza mzigo. Zile taa zenu kumi na mbili watalii wamezimaliza, imebaki hii tu."

Akaifungua kanga. Ilikuwa taa ya plaiwudi yenye pande nne. Kila upande ulikuwa umekatwa kwa leza uso wa ng'ombe anayekutazama, ili balbu ikiwashwa ndani, ng'ombe watokee ukutani.

Nyanjige, mwanafunzi wa uchoraji kwa kompyuta, aliinuka kwenye kiti chake.

"Hiyo ni taa yangu!" Aliisogelea, akainama, sauti ikapungua. "Lakini huyu si ng'ombe wetu."

"Ni yako au si yako? Amua," alisema Constantine, uso umemkunjamana. "Nani alikupa ruhusa ya kuuza kazi za karakana?"

"Sijauza, Mwalimu. Hata haijakamilika. Nimekata pande tatu tu, za maonesho."

"Mchoro uko wapi?"

Nyanjige aligusa flashi iliyoning'inia shingoni mwake. Hakuwahi kuivua.

"Basi umejishitaki mwenyewe. Mchoro unao wewe peke yako, na mashine ya leza wilaya nzima ni hii moja. Sheria unaijua. Kesho basi la Mwanza litaondoka bila wewe, na Jumatatu usije."

Maonesho ya Mwanza yangechagua vijana watatu wa kusomeshwa Dar es Salaam. Nyanjige alikuwa ameyasubiri mwaka mzima.

"Subiri, Mwalimu." Sauti ilitoka kwenye benchi la wateja. Koplo Wilhelmina wa kituo cha polisi alikuwa amekuja kuchukua kibao cha mlango wa ofisi. "Mama Generoza, nani alikuletea hizi taa?"

"Dereva wa lori la dagaa. Anasema anapewa na fundi wa Bariadi, alfajiri, pale stendi. Dereva mwenyewe yuko Tarime mpaka Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali," alisema Wilhelmina. "Tumalizane leo. Hakuna atakayetoka."

Alianza na Nyanjige, pembeni mwa mashine.

"Umesema si ng'ombe wenu. Kwa nini?"

"Sikio, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Ng'ombe wa baba yangu wote wana mkato sikio la kushoto, ndiyo alama yetu. Huyu ana mkato kulia. Na pembe ina jino, tazama."

Kweli, karibu na ncha ya pembe palikuwa na kijino kidogo, kama panya ameonja.

"Baba yako yuko wapi?"

Nyanjige alitazama sakafu. "Alihamia Rukwa na ng'ombe kutafuta malisho. Mwaka wa nne huu. Simu haipatikani. Nilifikiri taa zikifika mbali, huenda siku moja akaona mojawapo dukani, au kwa mtu. Akiona ng'ombe wake atajua ni mimi. Atauliza njia."

Wilhelmina aligusa sikio la yule ng'ombe wa taa. Yeye pia alikuwa binti wa wafugaji. Kisha akauliza, "Unaandika kazi zako?"

Nyanjige alileta daftari. Koplo alisoma ukurasa mmoja mara mbili, akalifunga na kuliweka kwapani.

Wa pili alikuwa Dastan, mwanafunzi kutoka Nkoma. Wiki iliyopita aligombana na Nyanjige kwa sababu yeye hakuchaguliwa kwenda Mwanza.

"Watu wanasema ulimwambia hatafika Mwanza."

"Nilisema, afande. Nilikuwa na hasira. Hata sasa ninayo kidogo."

"Na Jumapili unabaki hapa peke yako."

"Nachora trekta! Muulize Mwalimu, trekta langu lina magurudumu matano, kila mtu analicheka."

Wilhelmina alimpa ile taa. "Ungeambiwa uinakili hii, ungeweza?"

Dastan aliigeuza, akacheka. "Hii? Huyu ng'ombe kahama ukoo! Nyanjige katuimbia sikio la kushoto mpaka tumechoka. Na kwetu ukipeleka mnadani ng'ombe mwenye alama ya mtu mwingine, fimbo zinakusubiri. Nikiiba, afande, nitaiba na sikio lake."

Wa tatu alikuwa Joakim, fundi wa mashine, mtu wa Kalemela aliyekulia kwenye mitumbwi na nyavu. Ndiye aliyefungua karakana kila siku saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili kabla ya wanafunzi. Alikuja akifuta mikono kwa kitambaa.

"Baba Precious, hebu tazama taa hii. Ina kosa?"

Joakim aliitazama kwa makini. "Imekatwa safi. Kosa silioni."

"Masikio je?"

"Aa, mayu, sikio ni sikio. Ng'ombe anasikia kwa yote mawili."

Dastan aliguna kule nyuma. Wilhelmina hakugeuka.

"Vipande vilivyoharibika vinakwenda wapi?"

"Kwenye kreti. Nawashia moto wa chai."

"Kile cha Jumanne, Mei 21?"

"Nilikichoma siku ile ile."

Saa sita na nusu Wilhelmina aliwakusanya wote kuizunguka mashine. Alifungua daftari la Nyanjige na kusoma kwa sauti: "'Mei 21, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Jaribio la kwanza. Umeme umekatika nikiwa kwenye pembe. Uliporudi, mashine ilianza pembeni kidogo, pembe ikatoka na jino. Kipande nimekitupa.'"

Aliinua taa ya Generoza.

"Jino hili halimo kwenye flashi ya Nyanjige. Liliwekwa na umeme uliokatika, kwenye kipande kimoja tu. Kwa hiyo aliyeiga hakuwa na mchoro, alikuwa na kile kipande. Mwalimu, Mei 21 ulikuwa wapi?"

"Mwanza, kununua plaiwudi. Nilirudi Alhamisi."

"Vizuri. Sasa, leza ikikata, upande wa chini hubaki na doa la moshi, si ndiyo? Mtu alikiweka kipande kwenye skana, ile mashine ya kunakili picha, akaulaza upande wa moshi kwenye kioo kana kwamba ndio wa mbele. Ng'ombe akageuka, mkato ukahamia kulia. Mfugaji angeliona kosa hilo kabla hajamaliza kumeza mate. Dastan aliliona. Joakim hakuliona hata nilipomuuliza masikio. Na kipande anasema alikichoma siku ile ile. Jivu halinakiliwi, Baba Precious."

Kitambaa kilimponyoka Joakim mkononi.

"Joakim?" aliita Constantine.

"Ni mimi." Alikaa kwenye benchi kama mtu aliyeshushwa mzigo. "Mwalimu, mimi nilikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha pamba cha ushirika. Kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, mtu binafsi akafunga geti. Mke wangu alivumilia, halafu akarudi kwao Lamadi na mtoto. Nilitaka kibanda changu pale, karibu nao. Mtoto akitoka shule apite aseme, yule ni baba, anafanya kazi." Akamgeukia Nyanjige. "Sikujua kama ni ng'ombe wa mtu. Nilidhani ni pambo tu."

Nyanjige alikuwa akilia, lakini hakumtukana.

Constantine alimwomba msamaha mwanafunzi wake mbele ya wote na kumwambia basi la kesho asilikose, kisha akamwambia Joakim arudishe funguo. Wilhelmina aliichukua taa kama kielelezo. Joakim alipofika mlangoni na koplo, alisimama.

"Jumapili Precious anapata kipaimara. Nilimwahidi jina lake kwenye mbao. Mnisaidie kumwambia kwamba... basi, mwambieni tu."

"Nitamkatia mimi," alisema Nyanjige. Neno lilimtoka kabla hajalipima.

Dastan alisubiri waondoke. "Una kichaa? Plaiwudi imebaki kipande kimoja, ule upande wako wa nne! Mabaki yote huyo huyo kayamaliza. Mzigo mpya ni Jumatatu."

"Najua."

"Ahadi kama hiyo mpe mtu mwingine. Yule ni mwizi."

"Precious si mwizi."

Alasiri ile alichora herufi nane za jina la Precious kwenye kompyuta, akazibana kila namna ili ng'ombe naye apate nafasi. Hazikubali. Alikaa mbele ya kile kipande mpaka saa kumi na moja, mkono juu ya kitufe. Kisha akabonyeza.

Jumamosi basi la Mwanza lilisimama Lamadi saa mbili kasoro dakika tano. Kwenye mapaja ya Nyanjige palikuwa na taa yenye pande tatu, upande wa nne wazi kama nyumba isiyo na mlango. Generoza, kama alivyoombwa na Nyanjige, alikuwa amekwisha kumleta msichana wa miaka kumi na mitatu karibu na dirisha.

Nyanjige alimpa kifurushi. Precious alikifungua palepale, akapitisha kidole kwenye jina lake, herufi moja baada ya nyingine.

"Baba ndiye aliyelikata?"

Kondakta alipiga bati, basi likaanza kusogea.

"Baba ndiye aliyeahidi," alisema Nyanjige.